Gunia la Mchele la Mzee Lam

"Haki ya Mungu, hakuna neno hata moja nililoongeza!" Nahashon aliapa Jumapili ile katika ukumbi wa kanisa la wahamiaji mjini Champlin, kiganja kikiwa juu ya birika la chai. Watu wakasogeza viti.

Mwanzo wa kisa chake ulikuwa kweli tupu. Kwa miaka minne kabla ya kustaafu, Nahashon alikuwa mlezi wa Mzee Lam, mwanzilishi wa benki ndogo ya mji wa Saint Paul ambako nusu ya waumini wale waliweka akiba. Kila asubuhi alimnyoa, na chini ya wembe mzee alisimulia: alivyotoka Uchina na baba yake, wakafua mashuka ya hoteli hadi vidole vikachubuka; benki kubwa zilivyowafungia milango; wafuaji kumi na wawili walivyocheza upatu, kila mwezi mmoja akipokea, mpaka upatu ule ukazaa benki.

Yaliyofuata yalikuwa chumvi. "Na mpaka leo," Nahashon alimalizia, "ukilifungua sanduku la chuma la benki yake, utakuta gunia la mchele. Basi!"

Walicheka hadi chai ikamwagika. Velma, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, alirekodi kwa simu. Kipande kilichosambaa kwenye simu kilikuwa na kiapo na gunia, kicheko kilikatwa.

Jumatano foleni ilizunguka jengo la benki, theluji mabegani. Makarani walieleza kwamba fedha zina bima ya serikali, lakini nani amsikilize karani ilhali jirani yake anakimbia? Nahashon naye alifika. Akiba yake yote ilikuwa humo, ila si hiyo iliyomsimamisha. Mlangoni, katika kiti cha magurudumu, aliketi Mzee Lam, miaka tisini na mmoja, akiwatazama watu wakitoka na bahasha.

"Nani amesema mchele?" mzee aliuliza, bila kupaza sauti.

Nahashon alilitazama kovu chini ya kidevu kile. Alimkata yeye kwa wembe, siku yake ya kwanza kazini, na mzee akawaambia wanawe kwamba alijikata mwenyewe.

"Mzee Nahashon," Velma alinong'ona nyuma yake, "usiposema wewe, nitasema mimi. Fedha za akina mama zimo humo!"

"Ni mimi," Nahashon alisema.

Mzee Lam aligeuza kiti kumwelekea. "Katika upatu wetu," alisema, "aliyewatisha wenzake alipokea wa mwisho." Akaelekeza kidole kwenye mkia wa foleni.

Nahashon alitembea kuupita mstari mzima, macho ya watu yakimchoma mgongoni, akasimama mwisho. Kila aliyekuja, alimpisha mbele. Mlango ulifunguka, ukafungwa, bahasha nyingine ikatoka.

Thaddée, muumini mwenzake wa kanisani, alifika akihema, bado amevaa sare ya kazini.

"Papa Nahashon, mbona unarudi nyuma?"

"Rudi kazini, ndugu yangu. Hakuna mchele. Niliongeza mimi."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Thaddée alimtazama, kisha akaitazama simu yake.

"Ndivyo ulivyoapa hata humu," alisema, akampita, akasimama mbele yake.