Pembe za Ruhogo

Haya nimeyapata kwa wifi yangu Evaresta, Jumatatu iliyopita, tumekaa kibarazani kwangu Nyabiyonza tunachambua maharage. Yeye alikuwa kwa Polikarpi tangu Ijumaa akimenya ndizi za sherehe, kwa hiyo aliyaona kwa macho yake. Evaresta akikwambia watu kumi walikimbia, wewe weka saba. Lakini mengine nimewauliza wenyewe, na hawakukana.

Polikarpi ni mfugaji wa huko Igurwa, mtu wa ng'ombe wa pembe ndefu, Mkatoliki wa benchi la mbele. Jirani yake ni Twaha Rwezaura, Mwislamu, mkulima wa kahawa. Kati yao kuna uzio wa minyaa tu, na uzio wenyewe una tundu, maana wake zao hawapendi kuzunguka. Twaha ndiye aliyekuwa akichinja pale kijijini kwa miaka zaidi ya thelathini. Ukiwa na harusi, ukiwa na kipaimara, ukiwa na msiba, unamwita Twaha anakuchinjia, ili wageni wote wale chungu kimoja, wa kanisani na wa msikitini. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi ile binti wa Polikarpi, Ainomugisha, alikuwa anatolewa nyumbani. Watu wa mume walikuwa wanatoka Isingiro kuja kumchukua, na ndoa ya kanisani iwe kwao Jumapili. Dume la kuchinjwa lilikuwa limeshachaguliwa, jekundu, jina lake Ruhogo, pembe zake kila moja ndefu kama mkono wa mtu mzima.

Sasa, huyu Ainomugisha alizaliwa siku ya mvua ambayo barabara ilikatika. Mama yake, Laurensia, alishikwa na uchungu hakuna gari wala pikipiki, na aliyepita kwenye tundu la uzio na wembe mpya na kanga safi ni Zamda, mke wa Twaha. Zamda akampokea mtoto. Laurensia akamwambia hapohapo, bado amelala chini: siku mtoto huyu atakapotoka kwenda kwa mume, mkono utakaomtoa mlangoni ni wako. Mtoto alikua anaijua ahadi hiyo kama anavyolijua jina lake.

Basi Alhamisi ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu ya Polikarpi. Aliyeutuma aliutumiwa, na aliyemtumia naye aliutumiwa. Alikuwa anaongea mwanamume ambaye hakutaja jina wala kijiji, anakohoakohoa tu katikati. Alisema Mkristo akila nyama iliyochinjwa kichwa kimeelekea Makka, imani inamtoka kidogo kidogo, kama chumvi kwenye gunia lililolowa. Anaanza kusahau sala, moja, ya pili, na mwisho anajikuta ametoka msikitini hajui viatu vyake ameviacha wapi.

Polikarpi aliusikiliza mara tatu. Jioni akajipima kwa Kanuni ya Imani, akaenda vizuri, akafika katikati akakwama.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Imeshaanza."

"Hapo katikati unakwama tangu tumeoana," Laurensia akamjibu.

Hakusikia. Ijumaa asubuhi akaenda kwenye uzio.

"Jirani, kesho usijisumbue."

"Nisijisumbue na nini?" Twaha akauliza.

"Kuchinja. Atachinja Athanasi."

"Athanasi katekista?"

"Ndiye."

"Yule anayemwita mkewe akiona panya?"

"Amejifunza."

"Kwa nani? Kwa panya?"

Polikarpi akaondoka bila kuaga. Twaha akaingia ndani akamweleza mkewe, na kwa Zamda nako kulikuwa na hofu yake imekaa inangoja mlango. Alikuwa amesikia kwamba sufuria za sherehe zimeazimwa kwa watu wanaofuga nguruwe. Sasa akaunganisha.

"Kumbe ni mpango," akasema. "Watulishe kibudu, kwenye sufuria ya nguruwe, halafu wakae pembeni wanatutazama tunavyotafuna. Mimi siendi."

Akamtuma Evaresta na maneno haya: mwambie Laurensia namtakia heri nikiwa hapahapa kwangu, tena mlango umefungwa.

Evaresta alipoyafikisha, Laurensia alikaa chini kwenye maganda ya ndizi kama mtu aliyekatwa miguu. Ainomugisha alikuwa anasukwa. Akaondoa mikono ya msusi kichwani kwake akamwendea baba yake, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama.

"Tata, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi kesho sitoki."

"Wageni wanatoka Isingiro, mwanangu."

"Waje wale warudi. Mama Zamda asiponishika mkono mlangoni, mimi nakaa. Jumatatu nitakufulia yale makoti yako."

Polikarpi akamgeukia mkewe amsaidie. Laurensia hakunyanyua macho.

"Ng'ombe wa mahari wameshazaa zizini kwako, Baba Aino," akasema. "Utawarudisha na ndama wao, au ndama utabaki nao?"

Usiku huo, kwa maelezo ya Laurensia, mzee aligeukageuka kitandani kama ndizi inayochomwa. Lakini hakubadili neno. Mtu akishaogopa imani yake isimtoke, huwezi kumbembeleza kwa harusi.

Jumamosi alfajiri akaenda zizini peke yake na chupa ya maji ya baraka, akammwagia Ruhogo kichwani, mengi, yakaingia mpaka masikioni. Kulipopambazuka Athanasi akafika. Alikuwa amevaa koti la Pasaka, na kisu amekizungushia gazeti. Akasimama mbali na dume, kama hatua ishirini, akalitazama lilivyo.

"Mkubwa," akasema.

"Ndiyo ukubwa wake," Polikarpi akamwambia. "Sogea."

Wanaume watano walikuwa wameshika kamba. Athanasi akasogea hatua tatu, akavua kofia.

"Kwanza tusali. Tufumbe macho."

Sasa hapo ndipo penye jambo. Wale watano wote ni watu wa kanisa, na mtu wa kanisa akiambiwa tusali, hana njia mbili. Wakafumba macho. Athanasi akaanza, kwa jina la Baba, na kila mmoja akanyanyua mkono kufanya ishara ya msalaba. Na ukinyanyua mkono uliokuwa umeshika kamba, kamba inakuwaje? Sala ilikuwa ndefu, Athanasi hakuwa na haraka ya kuimaliza. Walipoitikia amina na kufumbua macho, palikuwa na kamba chini na mavi ya ng'ombe.

Evaresta anasema watu kumi walikimbia. Athanasi alikimbia pia, ila upande mwingine.

Ruhogo hakwenda mbali. Alipita kwenye tundu la uzio, akalifanya mlango, akaenda moja kwa moja uani kwa Zamda akasimama pua yake jikoni. Ndiko alikozoea. Kila jioni Zamda humpa maganda ya ndizi mbivu, tangu akiwa ndama. Siku ile pia alimpa. Ugomvi ulikuwa wa watu, dume halikuhusika.

Polikarpi ilibidi afuate ng'ombe wake. Alimkuta Twaha ameketi mlangoni kwenye mkeka.

"Karibu, jirani."

"Sikai."

"Karibu tu."

Akakaa. Twaha akaleta kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani la mgomba kama desturi. Na ninyi mnajua, huku kwetu mtu akikupa kahawa ukaikataa, umetangaza vita mpaka wajukuu. Polikarpi akachukua punje mbili, akazishika kiganjani, akazitazama.

"Umeisomea?" akauliza.

"Nini?"

"Kahawa hii."

"Nimeichemsha," Twaha akasema.

Polikarpi akatia moja mdomoni, akaitafuna upande mmoja wa meno.

"Nimefuata ng'ombe wangu."

"Mchukue."

Polikarpi akamwita Ruhogo. Ruhogo akageuza sikio moja, akaendelea na maganda. Akamwita tena kwa ile sauti ya zizini. Wapi.

Zamda akasema kutoka jikoni, bila kujionyesha, "Huyo ameshasilimu."

Ile kahawa ya pili ilimtoka mkononi. Twaha akaona jinsi mwenzake alivyobadilika uso, akaacha mzaha.

"Poli. Unaogopa nini hasa?"

Polikarpi akaeleza yote: sauti, kikohozi, chumvi, gunia, viatu. Twaha alisikiliza mpaka mwisho.

"Umekula nyama yangu tangu kipaimara cha kaka yako," akasema. "Mpaka leo umesahau nini?"

"Kanuni ya Imani. Katikati."

"Hakuwahi kuijua," Laurensia akadakia. Alikuwa ameshafika, amesimama kwenye tundu la uzio na mikono imejaa utomvu wa ndizi, na nyuma yake Evaresta, na nyuma ya Evaresta mdogo wake Laurensia, Yudesi, mwalimu wa darasa la tano.

"Ni kichwa tu," Polikarpi akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba. "Kichwa kisielekee Makka. Kielekee Yerusalemu. Hapo mimi nakula na roho yangu inatulia."

"Kisipoelekea Makka mimi sili," Twaha akasema, "na Zamda hatatia mguu kwako."

Ruhogo tu ndiye aliyekuwa anatafuna.

Mwalimu Yudesi akapita katikati yao, akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora kwenye vumbi.

"Hapa ni sisi, Karagwe. Hapa Kyerwa. Mnapanda juu, Uganda. Mnaendelea, Sudani, mpaka Misri. Mkiivuka tu, hapo, ndiyo Yerusalemu. Na hapa, kulia zaidi, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, ndiyo Makka."

Wazee wakainama.

"Ni njia moja?" Polikarpi akauliza.

"Inakaribia. Wote mnapita Uganda kwanza."

"Miaka yote hii?"

"Shemeji, miji haikuhama."

Polikarpi akavitazama vile vialama viwili kwenye vumbi, akalitazama dume, akanyoosha mkono akapima. Evaresta anasema ndipo uso wake ulipofunguka kama dirisha.

"Huyu ana pembe mbili," akasema. "Ya kushoto ishike Yerusalemu, ya kulia ishike Makka. Kila mtu na pembe yake."

Twaha akafikiri. "Mimi sichinji pembe. Shika hiyo yako."

Basi wakamgeuza Ruhogo akatazama Uganda. Twaha akaweka sharti moja: Athanasi aje asali anavyotaka, lakini wenye kamba wabaki macho wazi. Zamda akatoka jikoni, naye na lake.

"Na sufuria?"

"Pika wewe," Laurensia akasema. "Jikoni kwako, sufuria zako. Mimi nitamenya, nitakuna, nitachota maji. Lakini mtoto wako anakungoja nusu ya kichwa haijasukwa."

Zamda alikwenda kuteremsha sufuria kubwa kutoka darini, na aliyekuwa karibu aliona anafuta macho kwa upindo wa mtandio.

Twaha alipomshika Ruhogo kichwa, akasita, akatazama kiganja chake.

"Mbona amelowa? Mvua haijanyesha wiki nzima."

"Umande," Polikarpi akasema.

"Umande wa masikioni?"

Polikarpi akatazama migomba. Twaha akapangusa mkono kwenye shati.

"Maji ni maji," akasema. "Sisi wenyewe hatuanzi jambo bila kunawa."

Akachinja. Athanasi alikuwa anasali upande wa mkia, macho yake amefumba zaidi ya sala ilivyohitaji.

Watu wa Isingiro walifika saa saba wakakuta chakula kinaiva upande wa pili wa uzio, hawakuuliza kwa nini. Walikula, wakapewa tena. Saa tisa Zamda akasimama mlangoni kwa Laurensia na kanga mpya, akamshika Ainomugisha mkono wa kulia.

"Mara ya kwanza nilikutoa unalia," akamwambia. "Leo unacheka. Usinichanganye, lia kidogo watu waone."

Akalia kidogo, akatoka.

Kelele za magari zilipoisha, nguvu ziliwaisha wote kwa pamoja. Athanasi alilala chini ya mti wa kahawa, koti la Pasaka amejifunika uso. Laurensia na Zamda waliegemeana jikoni, kila mmoja anasema anapumzika macho tu, na Evaresta akalala akiwasikiliza. Twaha aliswali alasiri, akaingia ndani, kikasikika kitanda.

Akabaki Polikarpi peke yake kwenye mkeka wa Twaha, tumbo limejaa nyama. Hakutaka kulala. Alikuwa anasikilizia kama kuna kinachomtoka. Akapeleka mkono pembeni, akagusa kiatu kimoja. Cha pili hakipo. Haya anayasema mwenyewe. Akapapasa huku na huku mpaka akakipata chini ya jani lile la kahawa. Akaviweka vyote viwili chini ya kichwa, viwe mto, vikitoka ajue.

Halafu akaanza Kanuni ya Imani, polepole, kwa kunong'ona. Akaenda vizuri, akafika katikati, akakwama. Palepale pa siku zote, hata neno moja halikupungua. Akashusha pumzi, akajigeuza upande, akalala.