Funda la Baraka

Tulikuwa tumeshaiacha Ngaramtoni nyuma, tunapandisha kwa miguu upande wa magharibi wa Meru, Lemburis mbele na mfuko wake wa dawa, mimi nyuma na fimbo. Kulikuwa kumekucha zamani lakini jua hulioni. Ukungu ulishuka mpaka ndani ya mahindi.

Tulijuana wodini. Mimi nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya mguu. Nimetembea nchi nyingi mpaka wenyewe ukagoma. Yeye alikuwa kitanda cha pili, aliletwa anatapika damu. Vidonda vya tumbo. Alikunywa gongo miaka mingi, na kila asubuhi kichwa kikigonga anameza diklofenaki ya maumivu bila kitu tumboni, halafu anasukumizia na gongo nyingine. Nesi Irine alimweleza mbele yangu.

"Baba, una wadudu tumboni, na vidonge hivi vitawaua. Lakini pombe inachubua palepale dawa inapofunga. Maliza dozi, usiguse hata tone, na zile za maumivu uzisahau. Ukitapika damu tena, sijui kama utafika hapa."

Dozi ilikuwa bado nusu, na binti yake wa kwanza, Nanyori, anaolewa. Ndiyo maana alitoka. Akaniomba, "Mzee wangu, wewe huna haraka ya kwenda popote. Nisindikize. Ukiniona nashika pombe, nichape na hiyo fimbo."

"Nitakuchapa kweli."

"Chapa, ila tumbo uniachie."

Basi tukawa tunapanda. Akasimama ghafla. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia tangu chini. Nyuma yangu kulikuwa na mtu wa tatu, anaburuza katambuga za tairi kwenye udongo mbichi. Sisi tulisimama, yeye akapiga hatua moja zaidi, ndipo akatulia. Nikageuka. Ukungu mtupu. Harufu ya gongo ikanipita usoni, ya moto, kama mtu amenipumulia karibu.

"Ni Simel," akasema Lemburis, kama mtu anayekutajia jirani.

Simel alikuwa wa rika lake, mwenzake wa kunywa. Alikufa mwaka jana, damu mdomoni, watu wakihangaika kutafuta gari.

"Tangu nilazwe ananifuata. Hana ubaya. Ana kiu tu."

"Mwambie arudi."

"Ero, mzee wangu, mtu wa rika lako unamfukuzaje?"

Bomani watu walishajaa. Nanyori alikuwa amevishwa shanga, anangoja. Lemomo, kaka mkubwa wa Lemburis, alisimama mlangoni na kibuyu cha pombe ya asali. Kwao binti hatoki mpaka baba yake ampulizie funda moja kichwani.

"Nipe maziwa," Lemburis akasema. "Hayo pia ni baraka."

"Maziwa kwa mtoto wa kwanza? Watu watasema umefilisika."

Nikaingilia. "Daktari amekataza."

Lemomo akanicheka kwa heshima. "Shikamoo mzee. Daktari amekataza kunywa. Hapa nani anakunywa? Anajaza mdomo, anapuliza, imekwisha. Haimezwi."

Watu wakaitikia, kweli, haimezwi. Hata mimi iliniingia akilini. Kitu kisichoshuka tumboni kitamfanya nini?

Nanyori akainamisha kichwa. Lemburis akajaza funda, mashavu yakavimba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye koo lake, kwa sababu ya ile ahadi. Koo halikucheza. Nakuambia ninachokijua: halikucheza. Akainama, akapuliza.

Pumzi tupu. Kichwa cha binti kikavu.

"Umemeza!" Lemomo akasema.

"Sijameza."

"Mlevi hata baraka anaiteremsha!" mama mmoja akapiga kelele, na boma zima likacheka.

Akachukua funda la pili. Mashavu yakajaa, akapuliza, hakuna kitu. Safari hii hakuna aliyecheka. Nyuma ya mgongo wake, pale palipokuwa na ua wa miiba tu, nikasikia mtu akigugumia, guu, kisha akijifuta mdomo kwa kiganja.

La tatu hakuombwa. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikainyanyua ile fimbo nikamchapa kiwiko. Hakuachia. Akanitazama kwa macho ya mtu anayevutwa na maji, kibuyu kikiwa mdomoni.

Nanyori ndiye aliyeinuka, kumbe naye alikuwa amesikia. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akakitoa taratibu kama unavyomtoa mtoto kwenye ziwa la mama. Lemomo alinyoosha mkono, hakumpa. Alimzunguka baba yake, akakiweka chini pale kwenye ua.

"Baba Simel," akasema, "hiki ni chako. Maliza, umwache huyu."

Akarudi, akainama tena. "Na wewe baba nitemee mate tu. Mate yako yananitosha."

Lemburis akatema. Yalikuwa machache, na ndani yake kulikuwa na uzi mwekundu. Yakamwangukia binti kwenye paji la uso. Hakuyafuta. Alitoka hivyo hivyo mpaka kwenye gari la bwana harusi.

Gari lilipokwisha kuondoka, Lemburis akakaa chini, akatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Awe amemeza au hajameza, tumbo lilikuwa limeshapata habari. Tulimpakia kwenye pikapu ya mahindi. Wakati tunamfunika, mtu mmoja alikiinua kile kibuyu. Hakikuwa na kitu, na udongo chini yake ulikuwa mkavu.

Irine alimpokea. Walimpitishia mpira wa kamera mdomoni, wakakichoma kimshipa kilichokuwa kinavuja, wakamwongezea damu. Dozi ilianza upya na aliimaliza. Kidonda kimefunga. Hanywi. Kwenye sherehe haendi, wala hatoi baraka hata akiombwa. Nanyori anakaa Njiro na mumewe, Frederick, na wana mtoto wa kike. Mjane wa Simel amehamia kwa ndugu zake. Mimi niko Babati, ninalinda shamba la alizeti. Lemomo naye sasa anasema tumbo lake linamwaka akiwa na njaa na linatulia akinywa kidogo. Hospitali hataki kuisikia.