Kufunga Njia ya Chemchemi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango wa ghala la vifaa ulikuwa bado umefungwa, na baba yake alikuwa ameshakaa kwenye ngazi, viatu vyake vya mlimani vimefungwa kamba mafundo mawili mawili. Binti, ambaye ndiye msimamizi wa njia zote za hifadhi ile, alimwona kabla hajazima pikipiki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mkuu wa kazi anafika baada ya mgeni?"

"Nyinyi enzi zenu mlikuwa mnalala humu humu ghalani."

"Ndiyo maana hatukuchelewa."

Binti alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwaka uliopita baba yake alibadilishwa nyonga. Tangu atoke hospitali alikuwa akijizoeza kutembea: kwanza ukumbini, mkono ukutani, kisha ngazi, kisha barabara ya kwenda dukani na kurudi. Kila mkewe alipomuuliza anakwenda wapi, jibu lilikuwa lile lile: "Chemchemi." Njia ya kwenda huko aliichonga mwenyewe ujanani, alipokuwa akifanya kazi katika hifadhi hiyo. Ndiyo aliyomfundishia binti yake msitu, kwanza akiwa mgongoni, kisha akishikwa mkono, kisha akitangulia.

Njia hiyo ilikuwa imefungwa tangu jana jioni. Aliyependekeza ifungwe, kikaoni, kwa picha na vipimo, alikuwa binti mwenyewe. Hakuwa na shaka na vipimo vyake. Kumwambia baba yake ndiko kulikomshinda. Aliliahirisha jambo hilo kama mtu anavyoahirisha kwenda kung'oa jino. Sasa alifungua ghala, akatoa majembe mawili ya meno, na alipogeuka mzee alikuwa ameshika fimbo, ameshaondoka.

Alimkuta kwenye njia panda. Kamba nyekundu ilikuwa imekatiza njia ya kulia, ya chemchemini, usawa wa goti; ya kushoto, ya kileleni, ilikuwa wazi.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

"Jana si ulinipigia simu? Tukaongea habari za mvua."

"Tuliongea habari za mvua, Baba."

Mzee aliitazama kamba. "Haya. Kwa nini?"

Akamweleza. Njia ilichongwa kushuka moja kwa moja, na kila masika maji yalishuka nayo, yakabeba udongo na kuumwaga chemchemini. Uharibifu uliobaki ulimaliziwa na viatu vya wageni. Vyura wadogo wa pale hutaga kwenye tope la ukingoni, na ukingoni ndipo kila mgeni alipopiga goti kunywa maji. Msimu huu mayai yalionekana sehemu moja tu.

"Kwa hiyo kosa langu."

"Enzi zenu walikuwa wanapita watu wachache. Siku hizi Jumamosi wanakuja kwa makundi."

"Ningeipindapinda," mzee alisema. "Nilikuwa na haraka ya ujana."

Binti aliona mkono wa mzee ukibana fimbo, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema jambo ambalo angemfukuzia kazi mtu mwingine.

"Ruka, Baba. Leo tu. Nani atakuona?"

"Unakumbuka siku niliyokugombeza mpaka ukalia?"

"Niliporuka kamba ya njia iliyofungwa."

"Basi usinitanie." Akageuka. "Turudi. Mama yako alisema nitaishia nusu. Atafurahi, na atanikumbusha mpaka tuzeeke."

"Mmeshazeeka."

"Mwambie yeye, kama una ubavu."

Alipiga hatua mbili kuelekea getini. Binti alibaki na majembe begani. Kisha akaona kitu ambacho, kwa kuwa alikifanya kila mwaka, hakuwahi kukifikiria. Njia hufungwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukianzia mwanzo utakanyaga ulichokwisha kuchimba. Lazima mtu atembee mpaka mwisho kwanza.

"Baba! Kamba ni ya wapitaji. Wafungaji wanapita." Akamnyooshea jembe.

Mzee alilipima uzito kwa mkono mmoja. "Nitafunga njia yangu mwenyewe?"

"Mimi na wewe."

Mzee alirudi mpaka kwenye kamba. "Nyanyua kamba basi. Nyonga hii bado ngeni, haijui kuinama."

Walikwenda polepole. Kwenye mwinuko alipumzika mara kadhaa, akisingizia ndege. Chemchemini hakusogea ukingoni. Alisimama juu ya jiwe, akavua kofia, akatazama maji mpaka alipotosheka.

Kisha wakaanza kurudi. Binti alitifua udongo ulioshindiliwa. Mzee, asiyeweza kuinama sana, alivuta matawi makavu kwa fimbo na kuyalaza juu yake. Sehemu ya katikati waliiachia mvua na majani.

"Hapa ulikaa chini ukagoma," mzee alisema kwenye kona moja. "Ukasema njia ndefu."

"Ilikuwa ndefu."

"Sasa umeifupisha."

Binti aliendelea kuchimba, uso chini. Mzee alimwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda, kisha akaenda kutafuta tawi lingine.

Kwenye njia panda walipanda mafungu ya nyasi na kulaza gogo, mpaka mtu aliyesimama pale asione chochote upande wa kulia isipokuwa msitu. Mwisho binti alifungua kamba, akaikunja.

"Unaitoa?"

"Ikibaki, mtu atajua kuna kitu cha kuruka."

Saa nane kasoro mchana vijana wawili wenye mabegi mgongoni walipanda kutoka getini, wakamkuta mzee ameketi juu ya gogo anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa.

"Shikamoo, mzee. Kileleni ni huku?"

"Marahaba. Huku huku, msiiache njia."

Walishukuru, wakapita. Hakuna aliyegeuza kichwa kulia.