Droo ya Vioo Vilivyovunjika

Mimi ni mdadisi, sikatai. Mume wangu ni fundi saa, na kwa miaka thelathini nimemfutia vumbi meza yake, kwa hiyo droo zake ndogo nazijua zote: skrubu, springi, mikanda, akrabu za saa. Siku moja nikakuta lebo mpya: "Vioo vilivyovunjika." Nikashangaa. Mzee huyu hajawahi kuweka kioo kilichovunjika hata dakika moja!

Tena kulikuwa na jingine lililoniwasha. Zamani alikuwa akiamka mara tano kila usiku kwenda chooni, mpaka nikamwambia ahamishie kitanda huko. Ghafla akawa analala fofofo hadi asubuhi. Nilipomuuliza, akasema amepunguza chai. Chai gani? Si mimi ninayempikia?

Basi nikaifungua droo. Vidonge, na karatasi ya duka la dawa: tezi dume, kimoja kila siku baada ya kula. Loo! Yaani ananificha mimi, niliyemzalia watoto watano? Iliniuma. Nikaifunga, nikasubiri aniambie mwenyewe. Wapi!

Kisha akapata mtoto wa jicho. Tena jicho la kulia, lile analowekea lenzi ya kukuzia anapotengeneza saa. Bila hilo hana kazi. Siku ya upasuaji muuguzi, binti wa umri wa mjukuu wetu, akauliza, "Babu, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana."

Nikakohoa.

"Hata ya presha? Hata ya mkojo?"

Udadisi ukanishinda. "Mwanangu, mkojo na jicho wapi na wapi?"

"Vinahusiana, bibi. Dawa nyingine za tezi dume hulegeza misuli ya njia ya mkojo, na ya ndani ya jicho pia. Daktari asipojua, jicho linaweza kuharibika wakati anapasua. Akijua, anajiandaa."

Mume wangu akatazama viatu vyake. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, lakini nilimwonea huruma, kuvuliwa nguo mbele ya mtoto yule. Nikajiambia: nahesabu hadi kumi, kisha namwaga mtama. Nilikuwa nimefika nane.

"Kuna kidonge," akasema kwa sauti ya chini. "Cha tezi dume. Nakitumia mwezi wa saba sasa. Mke wangu hajui."

"Anajua," nikasema.

Akanigeukia, macho yamemtoka. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutunza vioo vilivyovunjika."

Muuguzi aliinama kwenye karatasi zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mzee naye akacheka, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka walipomwita ndani.

Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alipomruhusu kurudi mezani, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandua ile lebo. Akaandika nyingine, kwa herufi ndogo sana hivi kwamba mimi ndiye niliyehitaji miwani:

"Dawa ya mkojo. Mke wangu anajua."