Zamu ya Kisiki

Mama alikuwa amekalia kizingiti cha zizi na hakuwa na nia yoyote ya kuinuka.

"Mama, tafadhali. Daktari ana safari nyingine," mwanawe alisema. Nyuma yake daktari wa mifugo, koleo la kuhasi mkononi, alijifanya anatazama mawingu.

"Aende salama. Kwani nani kamshika?"

Loo! Huyo mama akikaza, amekaza. Humo zizini Kisiki alikuwa akijikuna ukutani: beberu mfupi, sikio limepinda, rangi haieleweki. Tangu mwana alete beberu mkubwa wa kisasa, Kisiki amefungwa ngozi tumboni asipande majike, na mara mbili ameikata. Ndiyo maana koleo limeitwa.

"Anatutia aibu, Mama. Hata wanunuzi wanamcheka."

"Na kwa nini amebaki yeye? Kila mwaka tulihasi wazuri, wanenepe, wauzwe. Huyu tukamwacha kwa ubaya wake. Mabeberu wote wa ukoo wa mbuzi wa bibi yako tumewamaliza kwa mikono yetu. Kabaki huyu tu."

Daktari akakohoa. "Wale watafiti waliochukua damu hapa wanasema mbuzi wenu wana asili zaidi ya moja. Mababu zao walitoka pande mbalimbali na wafugaji waliohama, wakachanganyika hapa. Ukimhasi huyu, ndiyo basi tena."

"Asili hainyweki, daktari. Watoto wa yule wa kisasa ndio wenye maziwa," mwana akasema.

"Mwaka wa ukame ulikunywa nini?" Mama alimgeukia mwanawe. "Wale mbuzi wakubwa uliowaleta kwanza walilala, hawakuinuka. Mama yake huyu akatafuna magome, na maziwa yake ndiyo yaliyomkuza mwanao. Au umesahau?"

Mwana akainamisha kichwa. Hakuwa amesahau.

"Na maziwa ya kuuza, Mama?"

"Majike ni wengi. Wako atapata wake baadaye. Msimu huu Kisiki naye ana zamu."

Akainuka, magoti yakilia, akaingia zizini. Akamfungua Kisiki ile ngozi, akamrushia mwanawe kifuani, na harufu yake yote.

"Kamfunge mwenzake."

Daktari akarudisha koleo mkobani. Mwana akapiga magoti kando ya beberu mkubwa aliyefungwa nje ya zizi, akihangaika na kamba za ngozi.

"Fundo la chini ndilo la kukaza," Mama akamwambia, huku akiufungua mlango wa zizi.

Kisiki akasimama kizingitini, akanusa upepo kutoka upande wa majike.