Nini Iko?

Mtaka cha mvunguni asiiname. Mimi niliinama, nikakikosa.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa mwaka wa nne, wa mtandaoni. Kwetu, nje ya mji wa Kajiado, simu hushika mtandao kilimani tu, penye mawe, ng'ombe wanapopita kwenda kunywa maji. Nikaketi huko juani, kamera ya simu ikinikodolea macho, na sheria za chuo nazijua: usigeuke, usiinamishe kichwa, usiseme na mtu.

Mzee Saruni, wa rika la marehemu babu yangu, akatokea na ng'ombe wake. Macho yake yameingia ukungu; simu hakuiona. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono. Kwetu, mtoto humwinamia mzee ili aguswe utosi. Nikainama.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikaitikia, kama nilivyofundishwa kabla sijajua kusoma.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye ofisi ya chuo, Kitengela, ghorofani juu ya duka la chakula cha kuku. Madam Naliaka, msimamizi wa mitihani, akanionyesha video.

"Hapa unainama. Mtu anakuuliza kitu, unamjibu, 'Iko.' Nini iko, Soipan? Jibu iko?"

"Hiyo ni salamu, Madam. Ni Kimaa."

"Salamu katikati ya mtihani?"

"Kwani ningemwacha mzee na mkono hewani?"

"Ungemwambia angoje! Hata mama mkwe wangu hungoja nikiwa kwa mkutano." Kisha sauti yake ikalegea. "Sikia, mtoto wangu. Andika hapa kwamba uliiba mtihani, na unaomba msamaha. Utarudia karatasi moja tu. Ukikataa, unarudia mwaka."

Mfadhili wangu halipii kurudia mwaka. Madam alilijua hilo.

Nikatoka hadi kwenye ngazi, ambako Linda, tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa akinisubiri.

"Andika tu, wewe! Ni sorry moja. Nani ataisoma?"

"Mimi nitaisoma."

"Haya basi, profesa wa mbuzi."

Nikarudi ndani, nikaandika: *Nilisalimiwa, nikaitikia.* Madam akaisoma, akafunga faili bila kunitazama.

Siku hizi mimi ndiye ninayechunga mbuzi wa mama pale kilimani. Mzee Saruni bado hupita, na kila mara huniuliza masomo yaliishia wapi. Simwambii. Namwinamia, ananigusa utosi, naitikia.

Na msamaha siombi.