Ini Hadharani

Jumatatu asubuhi mtafiti alivaa glavu, akamkamata panya wa kwanza, akamnywesha dawa kwa bomba la sindano. Dawa ilitoka kwenye mzizi ambao shangazi yake, mganga wa mitishamba, aliwachemshia wenye maumivu ya tumbo, kikombe kimoja tu basi. Maabara iliukamua mzizi huohuo, ikachemsha maji yake hadi yakawa mazito kama asali.

Wiki haijaisha, panya waliopewa dozi kubwa walikuwa wamegeuka kioo. Moyo ulionekana ukidunda, na ini limevimba, jeusi kama mkaa. Walikula kama kawaida. Mtafiti akabadilisha maji yao, kisha akaenda kumwita mkuu wa maabara.

Mkuu aliinama, akatazama, akainuka.

"Wamekufa wangapi?"

"Hakuna. Lakini maini yameharibika, mkuu. Si unayaona?"

"Nayaona. Nimeuliza waliokufa." Akapangusa miwani. "Lebo zimeshachapishwa. Andika salama, tia sahihi."

"Siandiki."

"Basi naandika mwenyewe."

Akaandika. Siku ya uzinduzi alikunywa chupa nzima mbele ya wageni, akapigiwa makofi. Baada ya siku chache alikuja kazini mwili mzima kioo, ini likionekana tangu getini. Mlinzi akamwamkia, naye akaitikia. Mchana akanunua koti refu, akalifunga vifungo hadi kidevuni.

Mtafiti alihamishiwa stoo ya chakula cha panya. Hakwenda. Alibeba tundu la panya wa kioo, akatoka nalo mlango wa mbele, moja kwa moja hadi nyumbani. Alimkuta shangazi ameshika chupa ya dawa hiyo, kwenye lebo pana picha ya shangazi mwenyewe akitabasamu.

"Sura yangu niliwapa lini?"

"Hukuwapa, shangazi."

"Na hii lami ndiyo dawa yangu?"

"Wanasema ni yako."

Shangazi akajifunga kibwebwe. "Twende."

Wakaliweka tundu mbele ya duka la dawa. Watu waliinama, wakayaona maini.

"Wanapendeza," akasema mama mmoja. Akaingia, akatoka na chupa mbili.

"Mwanangu, hiyo itakumaliza," shangazi akamwambia.

"Mbona hapa unacheka?" Mama akamwonyesha lebo, akaenda zake.

Muuza duka akachungulia. "Jamani, sogeeni kidogo, mnaziba mlango."

"Ndiyo, tunaziba," akajibu mtafiti, akalisukuma tundu hadi katikati ya kizingiti.

Wateja wakaanza kulivuka mmoja mmoja, wakipandisha nguo zisinase kwenye waya. Wengine walikuwa wameshaanza kuonekana mbavu.

"Wanaruka, shangazi."

"Waache waruke." Shangazi akaketi kizingitini kando ya tundu, akainyoosha miguu ikaziba nafasi iliyobaki. "Sasa waniruke na mimi."

Wakamruka, wakimwomba radhi. Hakuinuka.